Mlinzi wa Mkorosho

Zamani miti ilipokuwa na wenyewe, Kindi, aliyekuwa mwepesi wa kulia, alirithi mkorosho wa baba yake. Siku moja akatafuta mlinzi, maana alitaka kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua.

Kima akajitokeza. "Mti ni mti tu, nitaulinda." Kindi akamfukuza.

Akaja Mchwa kwa adabu zake. "Shikamoo, Bi Kindi. Mimi mapenzi ya miti nimelelewa nayo. Nyumba ya kwetu ilikuwa mbao tupu, kuanzia nguzo mpaka milango. Mpaka leo nikiona mti, moyo unanidunda."

Kindi machozi yakamtoka. "Njoo na jamaa zako wote!"

Aliporudi, alikuta rundo la vumbi, na Mchwa juu yake anajifuta mdomo.

"Si ulisema unaipenda miti!"

"Naipenda sana. Kwani wewe korosho unazichukia?"

Kindi akakaa chini. Ndipo akakumbuka swali lililompasa kuuliza mapema. "Na ile nyumba ya kwenu iko wapi?"

"Ile?" Mchwa akashusha pumzi kwa majonzi. "Tuliimaliza zamani, Bi Kindi. Kila nikiikumbuka, mate yananidondoka."