Maji ya Fedha

Mlango ulipofunguliwa, Subira alishindwa hata kutoa salamu. Sauti ilikuwa ya dada yake Mwanakombo, na kicheko kilikuwa chake, lakini uso ulikuwa wa kijivu kama risasi. Hata weupe wa macho ulikuwa umeingia buluu.

"Karibu, mdogo wangu! Mbona umeduwaa?"

"Dada, umepatwa na nini?"

"Mimi? Mzima kabisa. Tangu nianze kunywa maji ya fedha, hata mafua siyajui."

Akamwonyesha chupa. Ndani mlikuwa na madini halisi ya fedha, alieleza, chembe ndogo mno zinazoelea majini, na muuzaji aliapa kwamba zinaua kila ugonjwa. Mwanakombo alikuwa akinywa kijiko kila asubuhi.

Subira alikuwa muuguzi. Akamvuta hadi kwenye kioo cha ukutani na kuuweka uso wake kando ya uso wa dada yake. Mwanakombo akazitazama nyuso zile mbili. Akasugua shavu kwa ncha ya kanga, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu.

"Kila siku najitazama hapa," alisema. "Sikuona."

"Ilikuja polepole. Fedha imekulalia kwenye ngozi."

"Itatoka lini?"

"Haitoki, dada."

Chumbani, kichanga cha Mwanakombo kikaanza kulia. Kanga ikamponyoka mkononi.

"Na yeye nampa," alinong'ona.

Subira alikimbilia chumbani, akambeba mtoto hadi dirishani kwenye mwanga, akaanza kuifungua ngumi yake ndogo, kidole baada ya kidole, atazame kucha, ambako rangi ya fedha huanza kuonekana.