Hina Kabla ya Jibu

Siku sita Mwanakheri aliswali istikhara, Mungu amwonyeshe kama Shaibu ndiye mume, na siku sita aliamka moyo mzito kama kinu. Siku ya saba akakubali kupakwa hina ya biharusi.

Haijakauka, akaita, "Shangazi, niletee maji nitawadhe. Nataka kumuuliza tena."

"Mungu si kiziwi, mwanangu. Kiziwi ni wewe." Shangazi alicheka, akaweka ndoo mbele yake. "Na hutawadhi na hina mbichi mikononi. Ioshe sasa, ipauke, watu waulize. Au ngoja ikolee, ukamwambie Mungu umeshajijibu."

Nje, vigelegele vya kina mama wa upande wa Shaibu vilikaribia. Mwanakheri aliinua mikono juu ya ndoo, hina ikimkauka vidoleni.