Kuku wa Uvunguni

Siku hizi mtoto akilala kwa watu, asubuhi wenyeji lazima waitazame ndoto yake ukutani kabla ya kumrudisha kwao. Ndiyo sheria. Mto wa kulalia unairekodi, ukuta unaionyesha, na mwenye nyumba anaweka dole gumba kuthibitisha kwamba ameiona yote.

Kwa hiyo Atupele wangu alipoomba kulala kwa rafiki yake Lusajo, nilimketisha.

"Uote shule. Uote maua. Usije ukaota kuku."

"Kuku yupi, mama? Yule wa mchuzi tuliyemficha uvunguni Mama Lusajo alipobisha hodi?"

"Huyohuyo. Msahau kabisa."

Aliondoka akinong'ona njia nzima, "Si kuku, si kuku," nikajua nimeharibu.

Asubuhi Mama Lusajo alimleta, Lusajo naye akiwa nyuma yao. Sikuweza kumtazama usoni. Ndiye jirani pekee ninayeongea naye bila kuona haya.

"Mama Atupele, kuku wako alikuwa mkubwa kama ng'ombe! Ametoka uvunguni, akanipa pole ya njaa."

Nilianza kuomba radhi, naye akacheka mpaka akashikilia mlango. Nikacheka pia.

Watoto walipoingia ndani, akanisogelea.

"Jumamosi Lusajo analala kwako," alisema polepole. "Nakuomba, jirani yangu. Weka dole, lakini usiangalie."

Nilimwahidi. Sikuthubutu kumwambia kwamba ukuta wetu ni wa aina mpya, haupokei dole mpaka uone macho yangu yamekaa wazi tangu mwanzo wa ndoto hadi mwisho.