Kamba ya Ndui

Ndui ilikuwa imekamata kijiji kizima, na Asukile alikuwa amechoka kulinda kamba iliyoziba njia ya kutoka Mbalizi. Amri ya bwana afya ilikuwa moja: aingiaye hatoki mpaka ugonjwa uishe.

Mchana mama yake akafika na chungu cha uji kichwani.

"Rudi nyumbani, mama."

"Dada yako amelala humo, hana hata wa kumnywesha maji."

"Utaugua nawe."

Mama akamshika mkono, akauweka shavuni pake. Vidole vya Asukile vikapapasa vishimo alivyovizoea tangu utotoni.

"Mimi ilishanila, ikanitema. Nipishe, baba."

Asukile akaiinua kamba. Mama akapiga magoti, uji usimwagike, akapita.