Namna ya Kumpiga Dominique

Pétronille aliweka chupa baridi katikati ya meza, akasema atainywa bure yeyote atakayemweleza namna ya kumpiga mume wake.

Baa nzima ilicheka. Hapo kwake, mtaa wa Mudzipela, watu walishazoea maringo yake. Tangu Dominique achukue mkanda wa ubingwa wa ngumi wa Ituri, miaka kumi na moja sasa, mkewe hakuacha kuwachokoza wateja: leteni mutu basi, tumuone.

"Mutu mukubwa," alianza Médard, dereva wa pikipiki, ambaye kila kiu ilimkuta amepaki mlangoni hapo. "Mutu wa Mambasa, mwenye alikomaa na nyama ya pori. Anamusukuma kwenye kamba, anamulalia tu."

"Si alikuja, ule wa Mambasa?" Pétronille alimjibu. "Haukuona namna walimutoa? Miguu mbele!"

"Basi mwenye mbio," alidakia Vicky, muuza samaki. "Muzee iko na miaka quarante-deux, arobaini na mbili kamili. Unamukimbiza polepole, mpaka magoti inaomba ruhusa."

"Walikimbia wengi, Vicky. Ulingo haina mulango."

Vicky aliitazama chupa. Hakuwa mwanamke wa kuiacha ipate joto.

"Gaucher," akasema. "Mutu wa kushoto. Mume wangu wa kwanza alikuwa gaucher, hauoni ngumi inatokea wapi. Nilimushinda, lakini nilitoka jasho."

Watu walipiga meza kwa kucheka. Pétronille alicheka kuwazidi wote, akamfungulia chupa.

Hakuna aliyejua kwamba swali lile lilikuwa la kweli.

Asubuhi hiyo Dominique alikuwa amemwita Pétronille kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyekwisha kuzikwa. Juzi yake alitia chumvi kwenye chai akainywa yote, akauliza kama sukari imepanda bei. Daktari alikuwa amemwita Pétronille pembeni, akamwambia waziwazi: ngumi chache nyingine za kichwa, mama, na utaanza kumulisha na kijiko.

Ila Dominique aliapa mbele ya micro ya redio, watu wamejaa, kwamba mkanda wake hatautoa kwa mdomo. Atakayeutaka atampiga aanguke. Kumwambia aache ngumi ilikuwa kumvua suruali sokoni. Na kumwambia ajiangushe? Afadhali kumwomba askofu acheze ndombolo altareni. Kwa hiyo ilibidi apigwe, apigwe kweli, na upesi.

Jioni alimkuta ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto.

"Leo wamesema nini kule?" Dominique aliuliza. Kila jioni aliuliza hivyo.

"Wanasema hakuna wa kukupiga."

"Hakuna?"

"Hakuna, Baba Annette."

"Ata mumoja?"

"Ata mumoja."

Dominique alishusha pumzi ndefu, akarudi kutazama maji. Maringo hayo, aliwaza Pétronille. Maringo yatamuua huyu.

Gaucher alikuwepo. Aliitwa Orly, kijana wa Mahagi, mwembamba kama mpini wa jembe, na ndiye aliyepangiwa kukutana na Dominique mwisho wa mwezi. Hakuna aliyempa nafasi, hata shangazi yake. Lakini Pétronille alijua kitu ambacho wenye maneno mengi pale baa hawakukijua. Yeye ndiye aliyemkanda Dominique mafuta kila usiku. Tangu mwaka jana bega lake la kuume lilikuwa gumu. Mkono ukishatoka, hauna haraka ya kurudi.

Alijifunika kitenge mpaka puani, akaenda nyuma ya kiwanda cha mbao alipofanyia Orly mazoezi.

"Karibu, Mama Champion," akasema Orly.

Kujificha kukaishia hapo.

"Sikia mwanangu, sina siku nzima. Akitupa ule mukono wa kuume..."

"...haurudi mbio," Orly akamalizia. "Kiwiko kinabaki juu. Mimi naingiza kushoto hapa." Akajigusa chini ya mbavu, upande wa maini. "Asante, mama."

Hata hakumuuliza kwa nini. Pétronille alirudi nyumbani akisema moyoni kwamba watu wa Mahagi wana akili, basi tu watu hawawasemi vizuri.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Pétronille alikaa mbele kabisa, akipiga kelele kuliko wote. "Muvunje! Murudishe Mahagi na lori!" Raundi ya tatu Dominique alimwangusha Orly, na Pétronille alishangilia huku moyoni akimwombea Orly ainuke. Raundi ya tano Dominique alitupa kuume. Kushoto kwa Orly kukaingia chini ya mbavu. Bingwa alipiga goti moja, akajaribu kuinuka, mwili ukakataa. Refa alihesabu mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukawa kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu.

Nyumbani Pétronille alimkanda Dominique uso kwa maji ya moto. Alijaribu kunyamaza, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake.

"Baba Annette. Unifukuze ukitaka. Mimi ndiye nilienda kwa Orly. Nilimuonyesha ubavu wako."

Dominique aliondoa kitambaa kwenye jicho, akamtazama kwa lile moja lililokuwa linafunguka.

"Weye?"

"Mimi."

"Na zile kelele zote za kwenye baa?"

"Kelele tu."

Dominique alirudisha kitambaa taratibu.

"Ungeniambia, tungesaidiana," akasema. "Mie nimemufundisha ule mutoto wiki mbili, na raundi ya tatu bado alisahau."