Fundo la Gobore

Likwata alilijua gobore lile kabla askari hajalilaza barazani. Kitako kilipasuka zamani, akakifunga mwenyewe kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mume wa binti yake akimshikia.

"Mnunuzi wa korosho kapigwa risasi njiani," askari alisema. "Huyu mkweo tumemkuta nalo. Eti kaliokota porini, anamrudishia mwenyewe. Mwenyewe nani, hasemi."

Mkwewe alikuwa amechuchumaa, macho chini, kama mkwe anavyokaa mbele ya mkwe. Tangu aoe, kwa heshima ya ukwe, jina la Likwata halijawahi kutoka kinywani mwake.

Masika yaliyopita, bila mkwewe kujua, Likwata alilibadilisha gobore lile kwa redio kaseti na mpita njia wa kutoka Somanga. Sheria ilitaka waende wote wawili polisi Lindi, liandikishwe kwa jina la anayelichukua. Nani aende Lindi na matope yale? Kijiji kizima cha Kilangala waliuziana magobore kama majembe, sheria wakawaachia watu wa mjini.

"Mzee, unalifahamu?" askari aliuliza.

Redio ilikuwa ikiimba ndani. Likwata aliligusa lile fundo kwa kidole. Mpira ulikuwa umelainika kwa jua, ukamnata.

"Silijui."

Mkwewe aliinua macho mara moja tu, akayashusha. Askari alipokwisha kumfunga pingu, mkwe alisimama, akamgeukia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Likwata aliitikia. "Marahaba, mwanangu."