Kumbukumbu za Bunge Zahamia Jikoni

Hoja ya Tusekile ilipita kwa kura moja tu, na viti vya nyuma vya upinzani vikalipuka kwa vigelegele. Miaka yote kumbukumbu za Bunge zilikuwa zikimwandika kwa maneno yale yale: ameomba, amepinga, amekataliwa. Leo waziri mwenyewe alivuka ukumbi kuja kumpa mkono. Kuanzia sasa, maneno ya kila mbunge yangeingia kwenye kumbukumbu hizo hata akiwa nyumbani, wananchi wapate kusikia kama ya ndani yanalingana na ya ukumbini. Na kwa kuwa nchini humo kila sheria ilianzia nyumbani kwa aliyeileta, mafundi walimtangulia kwake kufunga kinasa sauti.

Alipofika, majirani walimbeba juu juu hadi mlangoni.

"Umewaweza, mama! Umewaweza!"

Walipoondoka, alimkuta mumewe, Ambakisye, jikoni akipakua wali. Juu yao, darini, kinasa sauti kipya kilikuwa kimewasha taa ya kijani. Tusekile alimkumbatia mumewe kwa nyuma, akicheka.

"Tumeshinda, mume wangu! Hebu niambie, umeionaje hotuba yangu?"

Ambakisye hakuwahi kumficha neno. Akatazama darini, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Ninakupongeza sana, Mheshimiwa Mbunge," alisema. "Ninaunga mkono hoja."

Tusekile alicheka mpaka akashika meza, kisha akangoja na mwenzake acheke. Ambakisye akamwekea sahani mbele yake, akavuta kiti, akaanza kula.